Kikirili Hakikutungwa na Cyril

Mabibi na mabwana, walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Kila tarehe 14 Februari, wakati vijana wetu wanagombania maua mekundu, kalenda ya Kanisa Katoliki inawakumbuka ndugu wawili, Cyril na Methodius. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza kuwa wasimamizi wa Ulaya mwaka 1980. Bulgaria ina sikukuu ya taifa tarehe 24 Mei kwa ajili yao na ya maandishi yao. Ukimsimamisha mpita njia pale Sofia au Moscow umwulize ndugu hawa walifanya nini, wengi watakujibu bila kusita: walitunga herufi tunazoandikia, yaani Kikirili. Jioni hii nataka kuwaonyesha kwa nini jibu hilo limekosea, na wataalamu waligunduaje. Nawadokeza mapema: waligundua kwa kuyafuata makosa ya wanakili.

Twende Thesalonike, mji ule ule aliouandikia Mtume Paulo nyaraka zake. Katika karne ya 9 wakazi wake walisema Kigiriki, lakini vijiji vya jirani vilijaa Waslavi, watu wa jamii moja ya lugha na Warusi na Wabulgaria wa leo, hivyo watoto wa mjini walikua wakisikia lugha mbili. Humo ndimo walimozaliwa Methodius na mdogo wake Constantine. Jina la Cyril alilichukua mwishoni kabisa, alipovaa joho la utawa huko Roma, akafa muda mfupi baadaye, tarehe 14 Februari 869.

Karibu na mwaka 862, Rastislav, mtawala wa Waslavi wa Moravia, nchi iliyokuwa katika sehemu za Czechia na Slovakia za leo, alituma ujumbe kwa Kaizari Michael III wa Konstantinopoli. Aliomba mwalimu atakayewafundisha watu wake dini kwa lugha yao. Siasa ilikuwamo humo, tusidanganyane: mapadri waliokuwa nchini mwake walitoka kwa Wafranki, majirani waliotaka kumtawala. Kaizari akamwita Constantine. Kwa mujibu wa kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa si muda mrefu baada ya kifo chake, Constantine aliuliza kwanza kama watu hao wana herufi. Akaambiwa hawana, zilitafutwa zikakosekana. Naye akasema: nani awezaye kuandika maneno juu ya maji, kisha ajipatie jina la mzushi?

Hofu ya kuitwa mzushi ilikuwa ya kweli. Alipopita Venezia miaka michache baadaye, maaskofu na mapadri walimvamia kwa hoja. Walisema Mungu husifiwa kwa lugha tatu tu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa juu ya msalaba kwa amri ya Pilato. Constantine akawajibu kwa swali: mvua ya Mungu hainyeshi kwa wote? Jua haliwaki kwa wote? Mwandishi wa maisha yake anawaita wapinzani hao wafuasi wa Pilato, na nadhani alifurahi kuliandika hilo. Papa Adrian II alivibariki vitabu vya Kislavi, lakini ugomvi haukwisha. Methodius alipofariki mwaka 885, wanafunzi wake walifukuzwa Moravia, na baadhi waliuzwa utumwani. Waliosalimika, akina Clement na Naum, walikimbilia Bulgaria, ambako mtawala Boris aliwapokea kwa mikono miwili. Bila kufukuzwa huko, pengine leo tusingekuwa na la kuzungumza.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Waslavi wa zamani walituachia alfabeti mbili, si moja. Ya kwanza ni Kikirili, mnayoiona kwenye magazeti ya Urusi, Serbia na Bulgaria. Ukijua herufi kubwa za Kigiriki umeshaijua nusu yake. Ya pili inaitwa Kiglagoliti, nayo haifanani na kitu: vijiduara, pembetatu, misalaba, vitanzi vinavyoning'inia. Herufi ya kwanza kabisa ina umbo la msalaba. Zote mbili zinabeba lugha ile ile, na Ш imo kote kote, ikifanana na shini ya Kiebrania. Swali likawa: ipi ndiyo kazi ya Constantine?

Josef Dobrovský, Mcheki anayeitwa baba wa taaluma ya Kislavi, aliamini Kiglagoliti ni hila ya karne ya 13, iliyotungwa Dalmatia, pwani ya Kroatia. Msimwone mjinga. Wakroatia wenyewe walikuwa wakidai kwamba herufi zao zilitungwa na Mtakatifu Jerome, aliyefariki mwaka 420, zaidi ya miaka 400 kabla ya Constantine. Hadithi hiyo haina ukweli, ila iliwalinda vizuri. Askofu wa mji wa Senj alipomwomba Papa Innocent IV ruhusa ya kuziendeleza katika ibada, Papa alikubali mwaka 1248, maana nani angethubutu kuzikataa herufi za mtakatifu aliyeipa Roma Biblia ya Kilatini? Mwaka 1483 wakachapa kitabu cha misa kwa Kiglagoliti. Mapadri wa pwani ile waliendelea kuzitumia kwa karne kadhaa.

Pigo kwa Dobrovský lilitoka kwa rafiki yake, Jernej Kopitar, Mslovenia aliyekuwa mkutubi wa maktaba ya mfalme huko Vienna. Mwaka 1836 alichapisha kurasa chache za Kiglagoliti zilizokuwa mikononi mwa familia ya Cloz. Lugha yake ilikuwa ya kale mno, ya karne ya 11, kwa hiyo haikuwezekana alfabeti hiyo iwe imezaliwa karne ya 13. Baada ya hapo msomi Mslovaki Pavel Šafárik, aliyekuwa ameshikilia msimamo mwingine, aligeuka uzeeni na mwaka 1858 akaandika wazi kwamba Constantine alitunga Kiglagoliti. Leo wengi wa wataalamu wanakubaliana naye. Kikirili kilikuja baadaye, Bulgaria, mwishoni mwa karne ya 9, kwa watu waliokuwa wamezoea kuandika kwa Kigiriki, wakazichukua herufi hizo na kuongezea nyingine kwa sauti ambazo Mgiriki hana.

Ushahidi ni upi? Upo wa ngozi. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, hivyo kitabu kisichosomwa tena kilikwanguliwa wino kikaandikwa upya. Ziko ngozi zenye Kiglagoliti chini na Kikirili juu. Za kinyume chake hazijapatikana.

Upo wa padri mmoja wa Novgorod, mji wa Urusi, Upir Lihyi. Mwaka 1047 alinakili vitabu vya manabii kwa ajili ya mwana wa mfalme, akaeleza mwishoni kwamba amevinakili kutoka «kurilovitsa», yaani maandishi ya Kirili, ndiye Cyril wetu. Maneno yake tunayo katika nakala za karne ya 15. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akiandika Kikirili! Kama angekuwa anatoka Kikirili kwenda Kikirili, asingekuwa na haja ya kulitaja hilo. Inaelekea kwa watu wa wakati wake alfabeti ya Kirili ilikuwa Kiglagoliti, na baadaye jina likahama.

Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa hesabu. Wale waliosoma chuoni wanaijua hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ina thamani yake. Waslavi nao walifanya hivyo. Katika Kiglagoliti herufi zinafuatana: A ni 1, B ni 2, V ni 3, G ni 4, D ni 5. Kikirili kilifuata mpango wa Kigiriki, na Mgiriki hana herufi tofauti ya B na V. Kwa hiyo А ni 1, Б haihesabiki kabisa, В ni 2, Г ni 3, Д ni 4. Mchukue sasa mnakili aliyechoka, mshumaa unamalizika, anahamisha kitabu cha Kiglagoliti kwenda Kikirili. Anakuta G yenye maana ya 4, anaandika Г kwa mazoea. Maneno yote yako sawa, lakini namba imepungua moja. Makosa ya namna hiyo yanapatikana kweli kwenye vitabu vya Kikirili, na kila moja linatwambia kwamba nyuma ya kitabu hicho kuna kaka yake wa Kiglagoliti aliyepotea.

Karne zilizofuata nazipita haraka. Peter wa Kwanza wa Urusi alitaka herufi zenye sura ya Kilatini, na mwaka 1710 alizifuta za zamani kwa mkono wake kwenye karatasi ya majaribio ambayo ipo mpaka leo. Mserbia Vuk Karadžić, mwanafunzi wa yule yule Kopitar, alitoa kamusi mwaka 1818 yenye herufi moja kwa sauti moja. Kosa lake machoni pa Kanisa la Kiorthodoksi lilikuwa kuazima J ya Kilatini. Wakamwona wakala wa Wakatoliki. Serbia ilizipokea rasmi mwaka 1868, yeye akiwa ameshakufa. Na baada ya mapinduzi ya 1917 Warusi waliiondoa ъ mwishoni mwa maneno, ilikokaa bila kutamkwa. Vibati vya herufi hiyo vilitwaliwa kutoka viwanda vya chapa kwa nguvu, ikabidi wachapaji watumie kistari cha juu pale ilipohitajika kweli.

Nisiwasahau Waislamu wa Bosnia, maana hapo tuna undugu. Wao waliandika lugha yao ya Kislavi kwa herufi za Kiarabu, wakauita mwandiko huo arebica. Kibosnia kina irabu tano kama Kiswahili, na Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, fataha, kasra na dhama. Shida waliyokuwa nayo washairi wa Lamu na Pate kuonyesha e na o, wao pia walikuwa nayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanachuoni Džemaludin Čaušević aliipatia kila irabu alama yake, na vitabu vikachapwa hivyo.

Namalizia Novgorod. Tarehe 26 Julai 1951, wachimbaji wa mambo ya kale waliokota kipande cha gome la mti uitwao bereza kikiwa na maandishi. Udongo wa pale ni tope zito lisiloingiza hewa, kwa hiyo gome halikuoza. Tangu siku hiyo yamepatikana magome zaidi ya 1,100: madeni, mashtaka, posa, orodha za samaki. Mengine ni ya mtoto aitwaye Onfim, wa karne ya 13. Amefanya mazoezi ya silabi, ba, va, ga, da, kama watoto wetu wanavyoimba ba be bi bo bu, kisha akachora mnyama na kuandika «mimi ni mnyama». Neno la mnyama ameliandika звѣре, na e mwishoni, badala ya звѣрь.

Wasomi wa kwanza walisema: watu wa mitaani, hawakujua kuandika. Mwanaisimu Mrusi Andrey Zaliznyak alilikataa jibu hilo. Alionyesha kwamba o iliandikwa mahali pa ъ, na e mahali pa ь, kwa utaratibu uliofundishwa. Onfim alikuwa akifuata somo lake barabara. Ukishaujua utaratibu huo, unaweza kuyasoma magome yaliyokuwa yamesomwa vibaya. Gome namba 247, la karne ya 11, linahusu mtu aliyesingiziwa wizi. Walidhani linataja mlango wa kijumba cha mtawa, kelya. Zaliznyak akasoma: kufuli ni zima, na milango ni mizima. Yaani hapakuvunjwa kitu, mshtaki mwongo. Neno hilo la «zima» huanza na ts kwa Waslavi wengine wote, hapa limeanza na k. Sauti ya k iliyogeuka kwingine kote ilikuwa imebaki Novgorod, kama vile ki- yetu ilivyo chi- kwa watu wa Barawa, wanaosema Chimiini. Kabla ya hapo vitabu vilifundisha kwamba mageuzi hayo yaliwapitia Waslavi wote bila ubaguzi.

Picha za magome zimewekwa mtandaoni wazi, lile la Onfim pia, na uchimbaji unaendelea. Sasa nipokee maswali. Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja Pilato, tuanze naye.