Mtoto Anayekataa Uji

Wazazi wenzangu, walimu na wahudumu wa afya, karibuni.

Mitaani kwetu mtoto akila sana tunasema, "Huyu ana minyoo." Mimi nawaomba mmwangalie zaidi yule anayeonja uji vijiko viwili kisha akasukuma bakuli. Tunamwita mdeko, na pengine anaumwa.

Kule Kwale, Kenya, watafiti waliwapa wavulana wa shule uji wanywe mpaka washibe, wakapima kila mmoja amekunywa kiasi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993: miezi minne baada ya dozi moja tu ya albendazole, dawa ya minyoo, waliotibiwa walikunywa uji mwingi kuliko wasiotibiwa, na walikua vizuri zaidi. Pemba nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watoto wadogo waliopewa mebendazole, dawa nyingine ya minyoo, kila miezi mitatu walipata hamu ya kula. Waliopewa madini ya chuma nao hamu iliongezeka.

Inakuwaje? Minyoo ya safura hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja wa safura wa aina iitwayo Necator hupoteza damu ya mtu kama mililita 0.03 kwa siku. Minyoo mia ni mililita 3, zaidi ya nusu kijiko cha chai, kila siku ya Mungu, na chuma kinakwenda na damu hiyo.

Lakini damu peke yake haimalizi maelezo. Chembe za kinga zikipambana na mdudu au jeraha hutoa kemikali ziitwazo saitokini. Hizo hufika kwenye ubongo, mahali panapotawala njaa, na kuizima. Kwa homa ya siku tatu hakuna neno. Safura, hata hivyo, huishi tumboni miaka, na mtoto anayekua hawezi kusubiri miaka. Mapambano hayo ya kinga yakidumu pia hulifanya ini litoe homoni iitwayo hepsidini, inayofunga chuma ghalani, hata kile cha mchicha na dagaa kisifike kwenye damu inavyotakiwa.

Na minyoo haikai kimya. Huishawishi kinga ipoe ili isifukuzwe. Ethiopia, watu waliotibiwa minyoo kwanza waliitikia BCG, chanjo ya kifua kikuu, vizuri kuliko wasiotibiwa. Hilo linanigusa sana, maana chanjo tunazipigania.

Kwa hiyo mkienda kliniki, msiishie kusema mtoto hana homa. Mwambieni muuguzi anakula kiasi gani, na tangu lini amepunguza.