Majina yaliyosomwa Houston tarehe 30 Mei

Shikamooni wazee wangu mnaonitazama mkiwa Musoma, Mwanza na kwingineko, na wadogo zangu wote hamjambo. Wengi wenu mmezoea video zangu za bei za magari na foleni za Houston, lakini leo nataka niwasimulie jioni moja niliyoipitisha ukumbini na Waigbo wa mji huu, watu wenye asili ya mashariki mwa Nigeria ambao ni wengi mno hapa Texas, walipokuwa wakiwakumbuka ndugu zao waliokufa katika vita vya Biafra. Kamera niliiacha kwenye gari kwa heshima ya wenye msiba, kwa hiyo mtaniona nikizungumza tu jikoni kwangu.

Aliyenialika ni jirani yangu, mama wa Kiigbo ambaye kwa miaka minne amekuwa akinigawia pilipili. Aliniambia nivae nguo ya heshima na nisiwahi sana, ushauri ambao Mtanzania hahitaji kupewa.

Shughuli ilianza kwa kola, ile kokwa chungu ambayo wao huiita oji na ambayo kwao huwekwa mbele ya mgeni kabla ya neno lolote la maana kusemwa. Mzee mmoja aliiinua juu ya sahani ya mbao akaiombea kwa Kiigbo, na jirani yangu akaninong'oneza kwamba kola haisikii Kiingereza. Kila dua ilipokamilika ukumbi mzima uliitikia "Iseee!" kama sisi tunavyoitikia amina. Mzee alipoipasua akahesabu vipande, vikawa vinne, akafurahi, kwa sababu vinne ni idadi ya siku za soko zinazounda juma lao, yaani Eke, Orie, Afo na Nkwo. Kisha akamwaga kinywaji kidogo kwenye beseni la udongo lililowekwa sakafuni, kwa ajili ya wale ambao hawakuzikwa.

Hapo kwenye kutozikwa ndipo penye uchungu wote. Mwigbo akifa ugenini, ndugu hujichangisha hata kwa mikopo ili mwili urudi kwenye kiwanja cha baba yake, na baada ya maziko, pengine miaka mingi baadaye, hufanyika shughuli nyingine ya kumsindikiza rasmi kwa wahenga. Sisi tunaomaliza tanga na arobaini tunaweza kuelewa, ingawa kwao deni hilo ni zito zaidi, kwa kuwa marehemu ambaye hajasindikizwa huhesabiwa kuwa bado yuko njiani. Sasa fikirieni watu wanaokadiriwa kuanzia laki 5 hadi milioni 3, wengi wao watoto, walioangamia kati ya Julai 1967 na Januari 1970, na wengi wakafukiwa palepale walipoangukia.

Kwa vijana ambao hawakufundishwa habari hizi, mwaka 1966 maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini mwa Nigeria, na waliosalia, zaidi ya milioni moja, wakakimbilia kwao mashariki. Tarehe 30 Mei 1967, mjini Enugu, Ojukwu, gavana wa kijeshi wa mashariki, akatangaza kwamba eneo hilo limekuwa nchi iitwayo Biafra. Serikali ya shirikisho iliingia vitani, ikafunga njia za bahari na nchi kavu, na kuanzia hapo njaa iliua kuliko risasi.

Majina yalisomwa na watu mbalimbali, kila mmoja akiwataja wa kwao. Mama mmoja wa Asaba alisoma majina ya wanaume watupu, tisa wa ukoo mmoja. Oktoba 1967 watu wa mji ule walitoka barabarani wamevaa akwa ocha, vitambaa vyao vyeupe vya sherehe, wakicheza ngoma na kuimba kwamba Nigeria ni moja ili majeshi ya serikali yajue hawana ugomvi nayo. Wanajeshi wakawatenga wanaume na wavulana, wakawamiminia risasi. Mama yule alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha aina ileile.

Aliyefuata alikuwa mzee mwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na kwenye karatasi hiyo palikuwa na jina moja tu. Alikuwa na miaka saba mwaka 1968, naye dada yake miaka minne. Alisimulia kwamba chumvi ilikuwa adimu kiasi kwamba mama yao aliifunga kwenye ncha ya kanga yake, na jioni kila mtoto aliruhusiwa kuigusa kwa kidole kimoja. Kisha nywele za dada zikawa nyekundu, miguu ikavimba, na tumbo likajaa. Wao wanasema kwashiorkor. Mimi nikakumbuka picha iliyobandikwa kliniki kwetu, yenye neno unyafuzi. Walimpeleka kituo cha chakula cha wamisionari, kilichotegemea ndege zilizotua usiku pale Uli, kwenye barabara ya lami iliyogeuzwa uwanja, taa zikiwashwa kwa muda mfupi tu ili washambuliaji wasiione. Alifia kituoni. Akazikwa na wengine siku hiyohiyo, na hakuna aliyeweka alama. Jina lake ameniomba nisilitaje hapa, kwa sababu kulitaja ni kazi ya ndugu zake.

Niseme pia kwamba vijana kadhaa walikuja na bendera ya Biafra, yenye nusu ya jua la njano, na walitaka hotuba za siasa, wazee wakawazuia. Mimi niko upande wa wazee. Palikuwa na mama wa Kiefiki aliyekumbusha kwamba makabila madogo ya mashariki nayo yalipoteza watu, na angeweza kuzomewa katika mkutano wa siasa, lakini pale msibani aliitikiwa "Iseee" kama wengine.

Wakati wa chakula, tukila supu yenye okporoko, ule samaki mkavu wa Norway uliofika kwa wingi na ndege za msaada, yule mzee aliuliza natoka wapi. Nilipotaja Tanzania alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tarehe 13 Aprili 1968 Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra, nchi ya kwanza kufanya hivyo, akisema kwamba serikali isiyoweza kuwalinda watu wake haiwezi kuwadai utii. Nigeria ilivunja uhusiano nasi, na hata nyumbani wapo wanaoamini hadi leo kwamba alikosea. Mzee hakutaka mjadala huo. Aliuliza Mwalimu amezikwa wapi.

Nikamwambia alifia London mwaka 1999, akarudishwa, akazikwa Butiama, kijijini kwao, si mbali na mji niliozaliwa. Aliuliza kama kaburi limejengewa na kama mgeni huruhusiwa kuingia. Nikasema ndiyo, nilikwenda na shule. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe walimfikisha nyumbani."

Mtazamaji wangu yeyote aliyeko Butiama, nakuomba upite pale ukiwa na nafasi, uombe ruhusa kwanza, unirekodie dakika moja ya lile kaburi na miti iliyolizunguka. Nimeahidi kumpelekea.