Kabureta kuukuu ya Camaro Z/28: isome kabla hujaisafisha

Mambo vipi wadau, karibuni gereji. Leo mezani tuna kabureta, kile kifaa cha kuchanganya hewa na petroli, ya kampuni ya Holley, imetoka kwenye Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969, ile ya injini ya inchi za ujazo 302, imechakaa kweli, petroli imegandia ndani na mwenyewe anataka kujua auze bei gani. Hizi kazi nazipenda kuliko hata kuendesha hayo magari.

Kabla ya yote weka brashi ya waya mbali. Mbali kabisa. Na mashine ya kupuliza mchanga usiisogelee, nitalirudia hili.

Washa tochi, mulika kwa ubavuni sio kwa juu, ili namba zitoe kivuli. Tunasoma hapa kwenye ukuta wa choki, ile sehemu ya kubana hewa injini ikiwa ya baridi, huu uliosimama juu... ngoja, kamera inatafuta fokasi... bado... haya, imetulia. LIST 4053, hiyo ni namba ya Holley ya aina ya kabureta, na namba ya GM, yaani General Motors waliotengeneza gari, ni 3923289. Hiyo ndo ya Z/28 ya 69. Watu wa mbio walikuwa wanaukata huu ukuta ili hewa iingie vizuri, sasa ukikuta umekatwa ujue namba imeenda nao, na bei imeenda nao hata kama vilivyobaki vinang'aa.

Chini kuna 923. Tisa ni 1969, mbili Februari, tatu ni wiki ya tatu. Halafu nenda kwenye kile kibao cha bodi pale nyuma ya injini, kikiwa na 03B bodi ni ya wiki ya pili ya Machi, kabureta imetangulia wiki chache, safi sana. Kabureta ikisoma Juni haikutoka na hilo gari, ila usiitupe, yupo mtu mwenye gari la Julai anaitafuta hiyo hiyo na atalipa vizuri kuliko wewe unavyodhani.

Sasa brashi. Mnaona hii rangi ya dhahabu iliyofifia kuzunguka namba? Huo ndo ushahidi. Wanaogonga namba feki wanasaga kwanza, kwa hiyo rangi inapotea pale pale na inabaki mistari ya msasa. Ukisugua kabureta halali na brashi ya waya inafanana na feki, na mnunuzi hatakuamini hata uape. Usisugue! Kitambaa laini na mafuta ya taa vinatosha, mimi hata hiyo rangi ya uzee naiacha ilivyo.

Uchakavu wenyewe sio mwisho wa dunia. Shika shafti ya chini, ile inayozungushwa na pedali ya mafuta, itikise hivi. Inacheza, maana yake inanyonya hewa na mngurumo hautatulia gari likisimama. Inatobolewa, inawekwa bushi, imeisha, ondoa hiyo gharama kwenye bei. Rula ya chuma juu ya bodi ya kabureta, haijapinda, twende.

Hee, subiri. Sogeza kamera. Hili sikio la kufungia bolti lina ufa, mtu alikaza kupita kiasi. Bei inashuka, lakini ufa uko kwenye kitako cha chini na kitako kinabadilishika, namba zote ziko juu. Mnunuzi aambiwe tu, na picha ya ufa apewe.

Kwa hiyo hii naiweka kundi la kukarabati, sio la kuvunjwa spea. Bushi za shafti ninazo, anayetaka anicheki inbox.