Anza na Mahali pa Kulala: Kupanga Safari ya Ziwa Michaelson

Mwenyekiti, ahsante. Wanachama wenzangu, hamjambo? Nimeombwa nieleze safari yetu ya mwezi wa pili, Mlima Kenya upande wa Chogoria. Swali ninalosikia zaidi kwenu ni hili: tutatembea kilomita ngapi? Mtu aliyezoea vilima vya Ngong kilomita hazimtishi, na hapo ndipo anapoponzwa. Mimi nitawauliza jambo jingine: kila usiku utalala mita ngapi juu ya usawa wa bahari?

Andikeni tarakimu tatu. Lango la Chogoria, karibu mita 2,950. Ziwa Ellis, karibu 3,450. Ziwa Michaelson, lililo ndani ya Bonde la Gorges, karibu 3,950. Sasa, madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Tazameni tena hizo tarakimu. Mlima umeshatupangia ratiba. Kazi yetu ni kutoivuruga.

Wengi huivuruga kwa gari. Barabara haiishii langoni. Gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne, kukiwa kukavu, litakupeleka hadi karibu mita 3,300. Mtu anaondoka Nairobi alfajiri, anashukia huko mchana, hajatoka hata jasho, anajiona mzima, kisha anataka ziwa siku hiyo hiyo. Kwenye mita 4,000 hewa unayovuta ina oksijeni pungufu kidogo ya theluthi mbili ya ile ya Mombasa. Mwili huzoea, lakini huzoea kwa siku, wala haujali kama una mazoezi ya kukimbia. Vijana wenye mapafu makubwa mara nyingi ndio wanaoanguka kwanza, kwa sababu hawataki kwenda pole pole.

Kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula usiku wa kwanza ni kawaida. Pumzika, kunywa maji, usipande zaidi mpaka kipoe. Lakini ukimwona mwenzako anayumba kama mlevi, anazungumza ovyo, au anahema akiwa ameketi na kukohoa povu, usingoje kupambazuke. Mteremshe saa hiyo hiyo, na asiteremke peke yake.

Sasa zile picha. Picha nyingi za Ziwa Michaelson mnazotumiana zimepigwa kutoka juu ya Temple, ukingo wa jabali lililosimama kama mita 300 juu ya maji. Ukifuata njia ya mgongoni mwa mlima, juu ya bonde, kuelekea kambi ya Mintos na vijiziwa vya Hall, utaliona ziwa lote chini ya miguu yako, na hutaligusa. Anayetaka kufika ukingoni mwa maji hupita bondeni, na bondeni ndiko yaliko maporomoko ya Vivienne. Ni njia mbili, kwa hiyo lazima tuamue tukiwa hapa Nairobi, maana mahema, chakula na wapagazi hufuata uamuzi huo. Mimi nachagua bonde. Mgongoni unaona zaidi, nakubali, ila jua na upepo vinakuchapa kutwa nzima.

Bondeni pia mtaona kazi ya barafu. Kuta zimesimama wima pande zote mbili na sakafu ni pana, kwa sababu bonde lilichongwa na mto wa barafu, ambao ulikwangua pia shimo ambamo ziwa limelala. Barafu hiyo iliyeyuka zamani sana. Iliyobaki mlimani, kama ile ya Lewis chini ya kilele cha Lenana, inapungua kila mwaka. Kuna wanaoamini kwamba maporomoko haya yanalishwa na barafu. Hapana. Mto Nithi, unaopita humo bondeni, unalishwa na mvua na ardhi yenye majimaji ya nyika ya juu, ile yenye mimea ya lobelia mikubwa kuliko mtu. Ndiyo maana msikanyage kila mahali. Fuateni njia hata ikiwa na matope.

Kuhusu mvua, upande wa mashariki hupata nyingi, maana pepo za Bahari ya Hindi hugonga hapo kwanza. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Machi hadi Mei kaeni nyumbani. Hata wakati wa kiangazi mawingu hupanda kabla ya adhuhuri, basi tutaondoka kambini saa kumi na mbili asubuhi na kuwa mahemani saa nane. Maporomoko ya Nithi yako karibu na mwisho wa barabara, tutayapitia bila shida.

Ada za hifadhi hulipwa kwa mtandao, langoni hawapokei fedha taslimu. Kiongozi ni lazima. Hakuna moto wa kuni; nyasi kavu za nyika ya juu hushika moto upesi, na Machi 2012 sehemu kubwa ya nyika hiyo iliungua.

Naona mkono. Naam, dada? ... Anauliza kama anaweza kubeba githeri. Ibebe ikiwa imeshaiva, uile langoni. Kule ziwani maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, maharagwe utayatokosa hadi gesi iishe na bado yatakuwa magumu. Beba ndengu zilizokobolewa, unga wa uji, tambi nyembamba, karanga. Wali huiva, kwa shida.

Na kaka pale nyuma? ... Kuogelea! Usiku maji ya kwenye chupa huganda ndani ya hema. Ukitaka kujitosa, jitose saa sita kuna jua, mtu akikusimamia na nguo kavu zikiwa mkononi mwake, na usipite dakika moja. Mimi nitakuwa upande wa jiko, nakuchemshia chai.