Kelele za Nyuma ya Darasa

KAKA: Karibuni tena. Leo dada yangu kaja na daftari lake. Kamaliza muhula wa kwanza wa kufundisha chuo hapa Dar es Salaam, na sauti imemkauka.

DADA: Haijakaushwa na kufundisha. Ni ile "jamani naomba tusikilizane." Nimeisema mpaka naiota.

KAKA: Wako wangapi?

DADA: Asubuhi 180, diploma ya uhasibu mwaka wa kwanza. Ukumbi una feni mbili, moja ni pambo. Jioni 40 na kidogo, wengi wao wafanyakazi.

KAKA: Mimi mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilinuna. Wiki nne sikucheka na mtu.

DADA: Ikasaidia?

KAKA: Wakanipa jina. Silitaji hapa.

DADA: (anacheka) Mimi nilianza na vitisho. Pindi linaanza saa moja asubuhi, nikatangaza kwamba saa moja na dakika kumi mlango unafungwa, hakuna kuingia. Wiki ya pili mvua ikapiga usiku kucha, Jangwani ikajaa maji, mabasi ya mwendokasi yakasimama. Mwalimu mwenyewe nikafika saa moja na nusu, viatu mkononi.

KAKA: Ukajifungia nje.

DADA: Nusura. Nikaingia, nikafundisha, ile sheria sikuigusa tena. Tangu siku hiyo kila nilichosema wakakisikiliza kama redio ya jirani.

KAKA: Ndiyo hapo wengi wetu tunapoteleza. Unatunga sheria Jumatatu ya jua kali, bila kuwaza mtu wa Mbagala, au wa Kigamboni anayesubiri pantoni. Sasa unafanyaje?

DADA: Mlango uko wazi. Ila dakika 10 za mwanzo kuna swali moja dogo, la karatasi, la alama. Likishakusanywa limekusanywa, sirudii kwa mtu. Muhula mzima yako 10, nahesabu 8 yaliyo bora.

KAKA: Na mawili?

DADA: Ya mvua. Nilipowaeleza hivyo hakuna aliyebisha. Wanajua kazi za muhula ni alama 40, na mtu anayeogopa sapu, yaani kurudia mtihani, hachezei hata alama moja.

KAKA: Haya, turudi kwenye kelele. Uliniambia ulimtoa mtu nje.

DADA: Eeh, hilo bado linaniuma. Kulikuwa na binti anakaa mstari wa nyuma, kila nikiongea, naye anaongea, na wenzake kama sita wamemwinamia. Nikamwonya mara mbili. Ya tatu nikamwambia chukua begi lako utoke. Akatoka kimya. Pindi likaisha, CR, kiongozi wa darasa, akanifuata, "Madam, yule huwa anatutafsiria."

KAKA: Loh.

DADA: Nafundisha kwa Kiingereza, ndivyo utaratibu ulivyo. Lakini hawa shule ya msingi wamesoma Kiswahili, sekondari wakakariri Kiingereza mpaka wakafaulu. Mimi niko pale mbele na gharama zilizolipwa kabla na gharama ambazo hazijalipwa, kurasa nne za slaidi. Yeye kule nyuma anawaambia, "Umeme wa Luku umelipa kabla ya kutumia. Mchele wa dukani kwa Mangi umekula kabla ya kulipa." Basi. Somo limekwisha.

KAKA: Hiyo ni bora kuliko slaidi zako.

DADA: Kwa mbali! Siku iliyofuata nikamwomba radhi mbele ya darasa zima.

KAKA: Hapo ndipo tunapoachana. Ningemwita ofisini.

DADA: Nimemtoa mbele ya watu 180, halafu nimwombe radhi chumbani?

KAKA: Kesho kila utakayemgusa atadai radhi yake.

DADA: Hajadai hata mmoja. Na sasa kila baada ya dakika 20 nanyamaza, nawapa dakika tatu waelezane kwa Kiswahili. Kelele ipo, lakini nimeiita mwenyewe.

KAKA: Hilo nalichukua. Ila usinifanye niamini kila mkorofi ana sababu. Kumbuka walikotoka. Shuleni kuna kiboko, na kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, tena kwa mkuu wa shule au aliyempa ruhusa ya maandishi. Chuoni hakuna fimbo. Mtu wa miaka 19 lazima apapase aone ukuta uko wapi.

DADA: Kweli. Wapo niliowauliza kwa upole nikaambulia kiburi. Hao nimewaandikia barua, nakala kwa mkuu wa idara, nikalala.

KAKA: Na aliyekamatwa na karatasi kwenye mtihani usimhukumu mwenyewe. Andika ulichokiona, saa ngapi, asaini, peleka kwenye kamati. Ukianza kumsamehe huyu na kumkaripia yule, umeingia siasa.

DADA: Simu je? Kuna aliyenipigia saa tano usiku kuuliza bumu, hela ya mkopo, limeingia lini.

KAKA: Kwani wewe ni Bodi ya Mikopo? Namba apewe CR peke yake.

DADA: Nilichelewa kuligundua. Sasa nikuulize la jioni. Nina mwanafunzi wa miaka 52. Mimi nina 27. Siku ya kwanza kaingia, ulimi ukanitangulia: "Shikamoo baba." Darasa zima likaangua kicheko.

KAKA: Akajibuje?

DADA: "Marahaba mwanangu." Akakaa mbele kabisa. Nikajua nimekwisha, huyu nitamsahihisha vipi?

KAKA: Na kumnyima shikamoo huwezi.

DADA: Siwezi, mama yangu angenisikia huko aliko. Tulipotoka tukakutana kituoni, akanivuta pembeni. "Shikamoo nitaipokea hapa kituoni. Mle ndani niite jina langu, nami nitakuita mwalimu." Hajawahi kukosea.

KAKA: Na swali la dakika 10?

DADA: Kapata maswali manne kati ya kumi. Nikamwandikia "tuonane." Akaja na daftari na miwani, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia aketi.