Nzuri, Ila

Mhadhara kwa wazazi wa jumuiya ya Waswahili, Fayetteville, North Carolina

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, habari za mchana?

Nimesikia: nzuri. Ukumbi mzima, nzuri. Na najua humu ndani yupo aliyezika wiki hii kwa njia ya simu, yupo ambaye karatasi zake zimekwama, yupo ambaye gari limemzimikia barabarani asubuhi ya leo. Lakini salamu ni salamu. Kwetu mtu hujibu nzuri kwanza, ndipo anaweka "ila". Nzuri, ila mama amelazwa. Nzuri, ila kazi imesimama. Jambo lenyewe linakaa nyuma ya hiyo "ila", na mtu mzima anajua kusubiri mpaka ifike.

Mtoto hajui. Mtoto akisema nzuri, ameshamaliza.

Nimeombwa nizungumzie watoto ambao baba au mama yao amepelekwa misheni ya kijeshi, na hizi safari za kikundi chetu za kuwapeleka kutazama michezo ya vyuo vikuu. Wengine mmeniuliza pembeni, kwa upole, na nawashukuru kwa kuuliza: mtoto anamkosa baba yake, nyinyi mnampa mpira, ndiyo nini? Nitajibu kwa yale yaliyotokea nyumbani kwangu, maana hapo ndipo nilipojifunza.

Mume wangu aliingia jeshini kwa mpango wa MAVNI, ule ulioanza 2009 na kusimamishwa 2016, uliowapokea wageni wenye lugha ambazo jeshi la Marekani lilizihitaji. Kiswahili kilikuwamo. Humu ndani zipo nyumba zilizopata uraia kupitia mlango huo. Paul Chelimo, mkimbiaji mzaliwa wa Kenya, naye alipita humo humo. Alikuwa mkimbiaji wa chuo kikuu cha UNC Greensboro, jimbo hili hili, akaingia jeshini 2014, na katika Olimpiki ya Rio 2016 akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 akiwa na jezi ya Marekani. Kwa hiyo jeshi, chuo na michezo si vitu vigeni kwa Waswahili wa hapa.

Sasa mnajua Divisheni ya 82 ya askari wa miamvuli pale kambi ya Fort Bragg inavyokwenda. Kikosi kilicho zamu kinatakiwa kiweze kuondoka kwenda popote duniani ndani ya saa 18 tangu amri itoke. Mwanzoni mwa Januari 2020 amri ilitoka, na ndani ya siku chache maelfu ya askari walikuwa njiani kwenda Kuwait. Mimi nilikuwa na sufuria la pilau jikoni, nimepikia wageni wa mwaka mpya. Wageni hawakuja. Tulilila siku tatu, mimi na watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mmoja wa minne.

Kuwait iko mbele yetu kwa saa nane wakati wa baridi. Mtoto akirudi shule saa kumi jioni, huko ni saa sita usiku. Baba yake alikuwa anajinyima usingizi ili apige. Na simu yenyewe ilikuwa hivi:

"Hujambo, baba?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Shule?"

"Nzuri."

"Rafiki zako?"

"Wazima."

"Unamsaidia mama?"

"Ndiyo. Huyu hapa mama."

Dakika moja haifiki. Kila siku. Mume wangu akawa ananiuliza kama kijana amemkasirikia. Sikuwa na jibu. Mtoto alikuwa hana habari ya kutoa. Siku zake zote zilifanana: basi la shule, televisheni, kulala. Na lile kubwa lililokuwa moyoni mwake hakujua lianzie wapi.

Februari mwaka huo, kikundi cha hisani kilitupa tiketi tatu za mpira wa kikapu wa wanawake wa chuo kikuu cha NC State, katika ukumbi wa Reynolds kule Raleigh. Nilitaka kukataa. Saa nzima na zaidi barabarani, msichana wa miaka minne, mimi nimetoka zamu ya usiku. Yule mama wa kujitolea aliyenipigia simu, mtu mzima, mjane wa askari, akaniambia maneno ambayo mpaka leo ndiyo nawaambia wengine: "Nakuja kuwachukua mlangoni. Wewe lala kwenye gari."

Nikalala kwenye gari. Nilipoamka tulikuwa Raleigh.

Kijana alikuwa amevaa kofia ya baba yake, inamfika kwenye nyusi. Tulipoketi, yule mama akampa penseli na kipande cha karatasi, akamwambia aandike mambo matano ya kumsimulia baba. Matano tu, na yasiwe matokeo, maana matokeo baba anaweza kuyaona mwenyewe. Mwanangu alichukulia kazi ile kama mtihani. Hakutazama mpira, alitazama uwanja. Aliandika kwamba mpiga tarumbeta mmoja wa bendi alikuwa amevaa soksi za rangi mbili tofauti. Aliandika kwamba mchezaji mrefu kuliko wote alifunga kamba za viatu mara tatu. Aliandika kwamba dada yake alimwaga bisi kwenye kiatu cha mzee wa mbele, na mzee hakukasirika. Karatasi ninayo mpaka leo.

Kesho yake simu ilipoita aliikimbilia. Mimi nilikuwa kwenye korido nakunja nguo. Nikamsikia anasema, anasema, anacheka, anaulizwa, anajibu. Dakika ishirini. Halafu sauti ikashuka, nikasikia: "Ila baba, mama analia jikoni usiku."

Nilikuwa nafungua bomba la maji ili wasisikie. Sikujua kwamba anajua. Hata baba yake sikuwa nimemwambia. Usiku ule mume wangu alinipigia tena, mimi peke yangu, tukazungumza kweli kweli kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

Ndugu zangu, hilo ndilo jibu langu. Mpira haukuziba pengo la baba. Mpira ulimpa mtoto kitu cha kusimulia, na katika kusimulia ile "ila" ikapata njia ya kutoka.

Baadaye nilikuja kusoma utafiti wa taasisi ya RAND uliochapishwa 2010, juu ya watoto wa wanajeshi wa miaka 11 hadi 17. Walikuta kwamba kadiri miezi ya mzazi kuwa mbali inavyozidi, ndivyo mtoto anavyozidi kupata shida, na kwamba hali ya mzazi aliyebaki nyumbani inakwenda sambamba na hali ya mtoto. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Ndiyo maana kikundi chetu hakitoi tiketi kwa mtoto peke yake. Tiketi moja ni ya mzazi aliyebaki, au bibi, au yeyote anayelea, na tunamwekea mtu wa kumshikia mtoto mchanga ili naye atazame mchezo kama binadamu.

Mnauliza kwa nini vyuo na si timu kubwa za kulipwa. Kwanza ni ukaribu: kutoka hapa, Chapel Hill, Durham na Raleigh zote tunazifikia kwa safari ya siku moja. Pili, viti vipo. Usinifikirie mechi za kikapu za chuo kikuu cha Duke pale Cameron, ukumbi wa viti 9,314 ambao wanafunzi wenyewe hulala nje kwenye mahema kuvitafuta. Nazungumzia soka la wanawake, voliboli, besiboli, ambako mtoto anakaa karibu hadi anasikia kocha anavyomkaripia beki. Tatu, na hili kwangu ndilo zito, wale wachezaji wana miaka 18, 20. Mtoto wa miaka kumi anaweza kumtazama na kujiona.

Tena wengine wao walikuwa watoto kama hawa. Mia Hamm, yule mwanasoka, kabla ya kuchukua mataji manne ya taifa na chuo kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill, alikuwa binti wa rubani wa jeshi la anga, akihamishwa kituo hadi kituo, na utotoni ameishi mpaka Italia. Shaquille O'Neal alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa sajini. Familia ikiwa Ujerumani, kocha wa chuo kikuu cha LSU, Dale Brown, alikwenda kambini kwao kufundisha mpira wa kikapu. Akaona jitu refu limesimama, akamuuliza ana muda gani jeshini. Kumbe ni mtoto wa miaka 13! Miaka michache baadaye alikuwa anamchezea Brown kule Louisiana. Nikiwasimulia watoto kisa hiki kwenye gari, huwa wanataka nirudie pale kwenye swali la kocha.

Wenzetu wa mashirika makubwa wameifanya kazi hii kwa muda mrefu. Vet Tix, iliyoanza 2008, hugawa tiketi za michezo na burudani kwa wanajeshi na waliostaafu. Our Military Kids, iliyoanza 2004, husaidia kulipia michezo na masomo ya sanaa ya watoto ambao mzazi wao wa jeshi la akiba au wa National Guard, lile jeshi la akiba la majimbo, ametumwa, na hao ndio wanaosahaulika, maana hawaishi karibu na kambi. Shuleni kwao yeye ndiye mtoto pekee ambaye baba yake ameondoka na begi la kijani. Watoto wa Fort Bragg angalau wana wenzao. Hata hivyo, mtoto wa mwanajeshi kwa wastani huhama shule mara sita hadi tisa kabla ya kumaliza sekondari, na kila akipata mwenzake, mmoja wao anaondoka.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Mmeona video zile: mtoto anaitwa katikati ya uwanja wakati wa mapumziko, anaambiwa anapokea zawadi, halafu baba anatokea nyuma yake na magwanda, watu elfu hamsini wanalia. Niliwahi kuombwa hilo na watu waliokuwa na nia njema. Walitaka mwanangu asimame pale kati, aonyeshwe baba kwenye skrini kubwa, na kamera iwe usoni kwake. Nilikataa. Baadhi ya ndugu waliniona sina shukrani. Lakini yule mtoto amekaa miezi anajizuia. Analala na kofia chini ya mto. Siku ambayo kizuizi kile kitabomoka, iwe sebuleni kwetu, mlango umefungwa, na akitaka kumpiga baba yake ngumi za kifua kwanza, ampige. Zipo familia zilizofurahia zile sherehe na siwahukumu. Ila kikundi chetu hakifanyi hivyo. Hatupigi picha za nyuso, hatumsimamishi mtoto atambulishwe, hatumvishi fulana iliyoandikwa kwamba baba yake yuko vitani. Akifika uwanjani ni shabiki.

Mzee wangu pale nyuma ameuliza gharama. Ahsante, mzee. Tiketi ndiyo rahisi kuliko vyote, vyuo vingi hutupatia bure. Kinachomzuia mama asiende ni mafuta, ni maegesho, ni chakula cha uwanjani kwa watoto watatu, ni ule utaratibu wa kuingia na mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ambao mgeni haujui mpaka arudishwe mlangoni na nepi za mtoto. Tumewahi kutoa tiketi arobaini, wakaja watu tisa. Tulipoanza kuwafuata watu majumbani, walikuja karibu wote. Kwa hiyo siwaombi pesa kwanza. Nawaomba magari, na mtu wa kuendesha ambaye hataudhika mtoto akikaa kimya njia nzima ya kwenda.

Mmoja ameniuliza mwanangu yuko wapi sasa. Yupo, amekuwa mrefu kunipita. Baba yake alirudi salama, alhamdulillah. Ile timu ya Reynolds ilitwaa ubingwa wa ACC, umoja wa michezo wa vyuo vikuu, Machi 2020, na siku chache baadaye korona ikafuta mashindano yote ya taifa. Wale wawili walizungumzia taji lile wiki nzima, mmoja Kuwait, mmoja hapa, wala hakuna mchezo mwingine uliokuja kulifunika.

Jumapili ijayo tuna viti 14 vya soka la wanawake, Chapel Hill. Karatasi hii ina majina ya watoto saba na walezi wao, na madereva tuliopata ni wawili. Mmoja wa watoto ana miaka sita, mama yake yuko Poland tangu Julai, analelewa na bibi aliyetoka Bukavu mwaka jana, na bibi haendeshi gari. Wanakaa upande wa barabara ya Skibo. Bibi anaelewa Kiswahili kuliko Kiingereza, kwa hiyo atakayewachukua awe mmoja wetu.

Tunaondoka saa nne kamili asubuhi. Penseli ninazo mimi.