Presha Inapopanda Baada ya Jeraha la Kichwa: Mhadhara kwa Wauguzi na Wanafunzi wa Utabibu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi na wanafunzi mliofika, nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie jeraha kubwa la ubongo, lile ambalo kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotungwa na madaktari Teasdale na Jennett mwaka 1974, humwacha mgonjwa na alama 8 au pungufu kati ya 15. Mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida hafumbui macho akiitwa, hatamki neno la kueleweka, wala hafuati agizo.

Pigo lenyewe, dereva wa bodaboda anapogonga lami bila kofia, huisha papo kwa papo, na seli zilizokufa papo hapo hatuna dawa ya kuzirudisha. Linalotuhusu ni jeraha la pili, linaloendelea kwa saa na siku kadhaa baadaye, na kiini chake ni damu kutoufikia ubongo. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba ya maana. Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo hupata takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Mtiririko ukishuka chini ya 20 seli hushindwa kufanya kazi, na ukikaribia 10 zinaanza kufa.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na maji ya ubongo, na kimoja kikiongezeka ni lazima kingine kipungue, la sivyo shinikizo litapanda. Damu inayoufikia ubongo husukumwa na wastani wa presha ya mwili ukitoa shinikizo la ndani ya fuvu. Mwenye wastani wa 90 na shinikizo la fuvu la 10 anabakiwa na milimita 80 za zebaki. Ubongo ukivimba, shinikizo likafika 35, na wakati huohuo akawa anavuja damu kwenye paja lililovunjika hadi wastani ukashuka kuwa 65, anabakiwa na 30, ilhali tunalenga 60 hadi 70. Mtu mzima mwenye afya angefidia kwa kutanua mishipa ya damu ya ubongo. Baada ya jeraha kubwa uwezo huo mara nyingi hupotea, na mtiririko hufuata presha tu, ikishuka nao unashuka.

Hapa ndipo mfumo wa neva unapoingia. Shina la ubongo, sehemu ya chini inayoongoza moyo na upumuaji, likikosa damu hupandisha presha kwa nguvu, mapigo ya moyo yanapungua, na upumuaji unakwenda ovyo. Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya majaribio yake kwa wanyama mjini Bern, Uswisi. Naomba mniruhusu kusisitiza: mgonjwa wa kichwa mwenye presha ya 200 kwa 100 na mapigo 48 asikimbiliwe kwa dawa ya kushusha presha, kwa maana presha hiyo ndiyo inayopenyeza damu ndani ya fuvu lililobana. Kinachotakiwa ni kupunguza shinikizo la fuvu: kuinua kichwa cha kitanda kwa nyuzi 30, kutoa manitoli, dawa inayovuta maji kutoka kwenye ubongo, au maji yenye chumvi nyingi, na kumwita daktari wa upasuaji, hasa mboni moja ikiwa imepanuka na haiitikii mwanga.

Kumpumulisha mgonjwa haraka kwa mfuko wa hewa nako kuna hatari yake. Kabonidioksidi ikishuka, mishipa ya ubongo inasinyaa; shinikizo linashuka kweli, lakini na damu inapungua, kwa hiyo njia hiyo ni ya dakika chache tu, mgonjwa anaposubiri chumba cha upasuaji.

Baada ya siku au wiki kadhaa wengine hupata dhoruba za neva za huruma, zile zinazohimiza moyo na jasho: joto linapanda, moyo unakwenda mbio, jasho linalowesha shuka, mikono inakakamaa, kisha yote yanatulia, na mara nyingi chanzo ni jambo dogo kama kugeuzwa kitandani au kufyonzwa makohozi. Katika wodi zetu joto la namna hiyo huitwa malaria upesi. Pimeni malaria, tafuteni maambukizi kwenye mapafu na mkojo, na majibu yakiwa safi, andikeni kwenye faili saa ya kila dhoruba na kilichoitangulia, ili daktari aamue kuhusu dawa za kutuliza dhoruba hizo, kama propranolo au mofini.